Gari la Nguo Chafu

26 Novemba

Gari limefika likivutwa kwa kamba. Aliyeniuzia aliapa kwamba linatembea. Leo amefafanua kwamba linatembea vizuri sana, ila haliwaki. Tumelisukuma mpaka uani, mimi, yeye na dereva wa lori lililolivuta, na sasa limeziba dirisha la jikoni.

Kabla ya hapa lilikuwa la hospitali, likipeleka mashuka kwa dobi na kuyarudisha. Ubavuni wamepaka rangi nyeupe juu ya maandishi ya zamani, lakini jua likilipiga kwa upande yanasomeka: NGUO CHAFU. Mke wangu ndiye aliyelichagua, kwenye picha nilizomtumia. Anafundisha chuo cha wauguzi katika mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na huu ni mwaka wake wa pili huko. Februari atapata likizo ndefu. Mpango wetu ni kulitia gari hili kitanda, jiko na maji, tumalizie kiangazi barabarani: ziwani kwanza, kisha milimani, tulale popote giza litakapotukuta.

Mama mkwe alitoka na mwiko mkononi, akalizunguka gari lote bila haraka, akachungulia ndani.

"Baba," akasema, "hili ni la kulala watu walio hai?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya."

Akarudi jikoni akawasha taa, kwa kuwa dirisha lake sasa halina mwanga.

28 Novemba

Mvua. Sikufanya kitu.

30 Novemba

Jumapili, siku ya simu. Mke wangu amepiga. Mzima. Nilimweleza habari za gari akasema, "Vizuri." Kisha akaomba mama yake. Waliongea kuliko tulivyoongea sisi.

3 Desemba

Kuhusu mama mkwe niandike mara moja, nisirudie. Alikuja mwaka jana, mke wangu akiwa bado hapa, kutengenezewa meno, akae wiki mbili. Kazi yangu ndiyo hiyo, meno bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha kliniki. Daktari ananiletea alama za vinywa vya watu kwenye plasta, mimi narudisha meno. Wagonjwa wenyewe siwaoni. Mama mkwe ndiye mgonjwa pekee ninayejua jinsi anavyotafuna. Meno yalipokamilika, goti likaanza kuuma. Goti likapoa, mvua zikaanza. Mvua zikaisha, na hakuna aliyeuliza tena.

Ni mfupi, na sauti yake ni kubwa kuliko kimo chake. Tunaheshimiana. Yeye anakula jikoni, mimi mezani, tunaongea kupitia mlangoni. Nyumba ni safi. Siwezi kusema zaidi, na sidhani yeye angesema zaidi juu yangu.

6 Desemba

Jirani yetu fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche kwa sababu kazi imemmaliza nyusi, ameliwasha gari. Tatizo lilikuwa waya mmoja. Alipomaliza alilipiga gari kofi la kirafiki, kama mtu anayempongeza ng'ombe.

"Mnakwenda nalo wapi?"

"Popote."

"Popote nimeshafika," akasema. "Hakuna kitu huko."

7 Desemba

Amepiga. Mzima.

10 Desemba

Tumeng'oa rafu za chuma. Chini yake tumekuta vifungo vya kila rangi, na soksi moja ya mtoto mchanga. Nimesugua sakafu kwa maji ya moto mara mbili. Bado inanuka sabuni ya hospitali.

Mama mkwe ametoa kigoda chake uani, anamenya vitunguu huku akinitazama. Sikumwomba.

"Kutu pale," akasema.

Niliiona.

"Na pale."

Niliiona pia.

"Na pale juu, Baba, karibu na taa."

Ile sikuwa nimeiona. Nilishika msasa nikaisugua mgongo nimempa yeye.

14 Desemba

Amepiga. Mzima. Nilimwambia kuhusu kutu. Akasema nisijichoshe.

18 Desemba

Cheche alikuja na grainda kukata dirisha la ubavuni. Nilikuwa nimeshachora mstari kwa chaki. Mama mkwe alisimama, akaja karibu, akautazama mstari.

"Juu sana. Mtu akikaa ataona mawingu tu."

Nikamwambia kwa upole kwamba binti yake ni mrefu, ananizidi hata mimi, kwa hiyo ataona vizuri.

"Hata mrefu akikaa anakuwa mfupi," akasema.

Cheche alizima grainda akanisubiri. Niliufuta mstari nikauchora chini zaidi. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi, lakini hakuna mtu anayependa kuambiwa ukweli mbele ya grainda.

21 Desemba

Amepiga. Mzima. Wanafunzi wake wana mitihani.

29 Desemba

Mvua zimekatika kabisa. Uani sasa ni vumbi. Nimepiga sakafu ya mbao na kuunda benchi ambalo likikunjuliwa ni kitanda. Nilihitaji mtu wa kukaa ili nione urefu wa miguu ya benchi, na mtu aliyekuwepo alikuwa mmoja.

"Mama, samahani. Hebu ukae hapa kidogo."

Tulimpandisha kwa kigoda. Alikaa, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kanisani. Alijitazama viatu, mimi nikavitazama pia. Jioni nilipunguza miguu ya benchi.

6 Januari

Naandika nikiwa kitandani, kwa amri ya mama mkwe.

Leo nilikuwa nabandika zulia ndani ya gari, kwenye kuta na kwenye dari, ili chuma kisitupike mchana. Gundi ni ile ya njano ya makopo. Upepo ulikuwa unarusha vumbi, na vumbi likitua kwenye gundi kazi imeharibika, kwa hiyo nilifunga milango yote. Tundu la dirisha nilikuwa nimeliziba kwa nailoni. Jua lilikuwa la utosi. Nakumbuka nilijisikia mwenye furaha isiyo na sababu, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishtua. Nakumbuka nilijiambia nikae kidogo. Baada ya hapo natumia maelezo ya wengine.

Mama mkwe anasema aliacha kusikia brashi. Alikuwa jikoni, na tangu gari lizibe dirisha lake anasikia kila ninachofanya humo kama niko chumba cha pili. Aliita "Baba!" mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Akatoka, akavuta mlango wa gari. Sakafu ya gari inamfika kiunoni, na tangu goti lianze hajapanda hata kizingiti bila kushika ukuta. Jinsi alivyopanda hajui. Cheche, aliyeruka ukuta aliposikia kelele, anasema alimkuta amekaa sakafuni, miguu ameikaza kwenye fremu ya mlango, amenishika ukosi wa shati kwa mikono miwili, ananivuta kama gunia lililoanguka mtaroni, huku anatukana. Cheche amekulia karakana, na anasema matusi mengine yalikuwa mapya kwake.

Nilizinduka kivulini, nimelowa maji, kichwa kinagonga. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu. Miaka yote hii hatujawahi kukaribiana hivyo. Hata alama za kinywa chake alizichukua daktari.

"Unaniona?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nani?"

"Mama."

"Mama nani?"

"Mama mkwe."

"Hajafa," akamwambia Cheche. Halafu akaanza kulia kwa hasira, huku ananipiga begani kwa kandambili.

Daktari wa kliniki amekuja, kwa kuwa ndiye daktari pekee ambaye namba yake ninayo. Amesema yeye ni wa meno, ila kwa anavyoona niko salama. Goti la mama mkwe limevimba likawa kama boga. Amekataa kulionyesha, tumeliona kwa jinsi gauni lilivyokaa.

7 Januari

Nilipika mimi. Alikula chote bila kusema neno, ambalo kwake ni neno.

9 Januari

Nimetengeneza kidato cha kupandia garini. Cheche alichomelea chuma, mimi nikaweka mbao juu. Kinakunjika. Pembeni ya mlango nimefunga kishikizo. Mtu yeyote atashukuru kuwa na kishikizo.

Mchana nilipokuwa chini ya gari nakaza nati, mama mkwe alikuwa jikoni kwenye simu. Haikuwa Jumapili. Aliyepiga ni yeye.

"Angekufa juzi," alisema, "ungeambiwa na nani? Mimi?"

Upande wa pili ulikuwa unaongea.

"Hapana. Hilo umwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wako."

Upande wa pili uliongea zaidi.

"Anakujengea kitanda, wewe. Yuko chini ya gari sasa hivi. Ukija, uje na mdomo wako."

Nilikaza nati mpaka ufunguo ukateleza, kisha nikakaza nyingine. Nilipotoka nilinawa mikono, nikaingia, nikamuuliza goti limeamkaje. Akasema limeamka vizuri. Tulikuwa tunajua wote wawili, na chakula kilikuwa mezani.

11 Januari

Hakupiga.

13 Januari

Kabati la juu. Nimelishusha kidogo ili mtu asilazimike kunyoosha mkono sana.

18 Januari

Amepiga. Mzima. Atafika tarehe saba. Nilimuuliza kama anataka pazia la bluu au la kijani. Akasema lolote.

19 Januari

Mama mkwe anataka la njano. Amelishona kwa mkono, amekaa mlangoni mwa gari, goti limenyooshwa juu ya dumu. Nilikuwa ndani nafunga beseni la kuoshea vyombo. Alinisimulia habari za mtu wa kwao aliyemuoa mwanamke kwa sababu ya sauti, kumbe kanisani aliyekuwa akiimba ni dada yake aliyesimama nyuma. Nilicheka mpaka skrubu ikaniponyoka. Naye alicheka, meno yote nje. Nikaona jino la pembeni juu limesimama vibaya kidogo, na sikupata hamu ya kulirekebisha. Linamfaa.

25 Januari

Amepiga. Mzima. Joto.

30 Januari

Betri, taa, tangi la maji, jiko la gesi. Vyote vinafanya kazi. Cheche amepaka rangi ya mchanga nje. Ubavuni, jua la asubuhi likipiga, bado panasomeka NGUO CHAFU. Anasema haelewi.

Naona niseme hapa kwamba nimeendelea na kazi hii nikijua mke wangu anakuja kusema nini. Watu wakisoma watauliza kwa nini. Mbao zilikuwa zimeshakatwa.

7 Februari

Mke wangu amefika kwa basi la jioni. Amenawiri. Tulisalimiana vizuri sana.

8 Februari

Asubuhi alitoka uani na kikombe cha chai, akaniomba nimwonyeshe gari. Nilifungua mlango. Alipanda bila kugusa kidato, akagonga paji la uso kwenye kabati la juu. Akasema si kitu. Akakaa kwenye benchi. Magoti yakampanda karibu na kidevu. Nikalikunjua kuwa kitanda, kwa kuwa sikujua la kufanya, naye akalala chali kama mgonjwa mtiifu. Miguu ikagota kwenye kabati la beseni. Akajaribu ubavu, akajikunja. Kisha akaketi.

"Kitanda hiki ulimpima nani?"

Nikaanza kueleza kwamba gari ni fupi. Nikaacha katikati.

"Mama akikaa hapa miguu inafika chini?"

"Inafika."

"Na dirishani?"

"Anaona nje."

Alicheka, si kwa ubaya. Akashika lile pazia la njano, akageuza mshono akautambua.

"Hukunijengea mimi," akasema.

"Hukuwepo."

"Sikulaumu. Nilikuja na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, jirani yangu kwenye basi akadhani nasali. Sasa naona hayana kazi."

Nilimuuliza kama kuna mtu. Nadhani ndivyo watu huuliza.

"Hakuna mtu. Angekuwepo ingekuwa rahisi kueleza. Kuna chumba na varanda ndogo. Nikirudi kazini nafurahi kufungua mlango, basi."

"Na hapa hukuwa unafurahi?"

Alifikiri. Yeye hujibu maswali kwa haki, ndiyo maana wanafunzi wanamwogopa. "Hapa nilikuwa sina shida," akasema. "Nilikaa muda mrefu nikidhani ni kitu kimoja."

Nilitegemea kitu kikubwa zaidi kifuani. Kilichokuja kilikuwa kama jino la mbele linapotoka: haliumi tena, lakini ulimi unakwenda palepale, unakuta nafasi, unarudi, unakwenda tena. Nimeandika haya jioni na bado unakwenda.

9 Februari

Leo tulikuwa wawili mezani, yeye na mimi, tunapanga mambo kama watu wazima. Nyumba ibaki kwangu. Vitabu achukue. Na Jumatano aondoke na mama yake kwa basi, kwa kuwa haitakuwa sawa mama abaki kwa mtu ambaye —

"Mmemaliza kunigawa?" ilisema sauti ya jikoni.

Alitokea mlangoni anafuta mikono. Hakukaa. Alizungumza na binti yake kwanza.

"Wewe umeacha mume. Sawa, alikuwa wako, umwache. Mimi sijaacha mtu." Kisha akanigeukia. "Lakini siwezi kubaki nyumba ya mwanamume ambaye si mkwe wangu. Hilo nalijua, Baba, usijisumbue kulikataa kwa adabu."

Sikulikataa. Nilikuwa bado natafuta adabu ya kulikatalia.

"Basi twende wote Jumatano, Mama," akasema mke wangu.

"Nitakuja kwako. Ila nitakuja kwa gari lile."

"Mama, gari lile linazungukia ziwani. Linapita milimani."

"Najua linakopita. Nimelisikia likipangwa tangu Novemba, nimekaa nalo dirishani, limenila mwanga." Akakunja kitambaa mara nne. "Nina miaka sabini na moja. Kila nilikowahi kwenda niliitwa: huku mtu kafa, huku mtu kazaa, huku mtu anaumwa. Hata hapa nililetwa na meno. Safari hii hakuna aliyeniita popote. Nataka kuiona ikoje."

Mke wangu alinitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afike kuniomba kitu.

"Kuna hema," nikasema. "Mimi nitalala kwenye hema."

11 Februari

Nilimsindikiza mke wangu kituoni. Nilimbebea vitabu. Alisema nimwangalie mama goti. Nikasema sawa. Basi liliondoka kwa wakati, jambo ambalo si kawaida yao.

12 Februari

Dada yangu mkubwa amepiga, habari zimeshamfikia.

"Wewe na mkweo porini! Watu watasema nini?"

"Watasema nimesafiri na mama."

"Mama wa nani?"

Nilipochelewa kujibu akaona ameshinda, akakata simu.

15 Februari

Tumeondoka. Cheche alisimama barabarani akatupungia mpaka kona. Mama mkwe alikaa mbele, pochi magotini, mkanda umemkata shingo. Tulipofika kilima cha kwanza alifumba macho. Cha pili alifumba jicho moja.

16 Februari

Kizuizi cha polisi. Askari alikuwa kijana, mwenye muda. Alizunguka gari, akafungua nyuma, akaona kitanda kimoja na pazia la njano. Akarudi dirishani kwangu.

"Huyu mama ni nani yako?"

Nilifungua mdomo. Mwezi uliopita lilikuwa swali jepesi.

"Mimi ndiye mwenye gari," mama mkwe akasema, akinipita na sauti yake. "Huyu ananiendesha. Anaendesha taratibu mno, lakini sijapata mwingine."

Askari akapiga saluti. Kilomita nyingi baadaye mama mkwe bado alikuwa anacheka peke yake dirishani.

18 Februari

Ziwa.

Niseme lilivyokuwa: maji mengi, kijivu asubuhi, meupe mchana, na mawe. Mama mkwe alishuka kwa kidato, akaenda mpaka ukingoni, akavua viatu, akaingia mpaka vifundoni. Alisimama pale muda ambao ningeweza kupiga hema, na nililipiga. Nilimuuliza anaangalia nini.

"Siangalii kitu," akasema. "Acha kwanza."

19–22 Februari

Ziwa. Kila siku vilevile. Yeye amesimama majini, mimi nakarabati vitu visivyoharibika.

26 Februari

Milimani. Baridi, barabara mbaya. Mchana upepo ulipasua hema langu kuanzia juu mpaka chini, na dakika hiyohiyo mvua ambayo si ya msimu ikamwagika. Nilikimbilia kiti cha mbele. Akagonga kioo cha nyuma yangu kwa kijiko.

"Baba! Utakula kwenye usukani?"

Niliingia nyuma. Tukafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kula naye meza moja, na meza yenyewe ni ubao wa kukunja unaotosha sahani mbili zikigusana. Mvua ilipiga bati hata ikabidi tupaze sauti, kisha ikapungua tukasahau kuishusha.

"ALIPOKUWA MDOGO," alisema, akajisikia, akapunguza. "Alipokuwa mdogo alikuwa anajifungia kabatini. Si kwa kuogopa. Alikuwa anakaa tu mle, anaimba. Nikimtoa, analia. Nilidhani ukubwani ataacha."

"Hakuwahi kuniambia."

"Na wewe hukuuliza. Nyinyi wawili mlikuwa mnaheshimiana mno. Niliwaona. Nilifika nyumba ile nikajisemea, hapa watu wanapishana kwenye korido kama wageni wa hoteli. Nikabaki nipige kelele kidogo."

Nikatafuna. Nilikuwa nimeandika mahali kwamba alibaki kwa sababu ya goti na mvua. Niliamini hivyo mwaka mzima.

"Zilisaidia," nikasema. "Kelele."

"Hazikumsaidia yeye."

"Hapana."

Akaniongezea chakula bila kuuliza. Mvua ilipokatika, tulifungua mlango wa nyuma. Bonde zima lilikuwa linafuka mvuke, na barabara tuliyopandia ilionekana yote, nyembamba, na lori moja likihangaika juu yake. Alilitazama lori mpaka likafika juu, ndipo akakusanya vyombo.

1 Machi

Jumapili. Hakuna mtandao huku.

5 Machi

Tumeteremka. Ningeweza kupitia njia fupi. Nimepitia ndefu, naye hakusema kitu, ingawa anajua njia zote mbili kwa sasa.

7 Machi

Kabla ya kuingia mjini aliniomba nisimame. Alibadilisha gauni nyuma ya pazia, akachana nywele, akajitazama kwenye kioo cha pembeni. Akatoa meno akayaosha, akayarudisha.

Mke wangu anakaa ghorofa ya pili. Vyumba viwili sasa. Amehama kwa ajili ya mama. Amepika. Tulikula watatu, tukazungumza habari za barabara. Kuna varanda, na kiti kimoja kinachotazama miti. Nilisema ni mahali pazuri, na nilimaanisha. Yeye aliona kwamba nimemaanisha, akashusha mabega. Hakuna kingine kilichotokea kati yetu, lakini kwa miaka sijui mingapi sikumbuki tukiwa chumba kimoja na wote wawili tumeshusha mabega.

Nilipandisha mizigo. Mama mkwe alinifuata mpaka mlango wa ngazi.

"Nenda kabla giza halijaingia."

"Ndiyo, Mama."

Nilitaka kuongeza kitu. Yeye akageuka kumuuliza binti yake sukari anaweka wapi.

Njiani niligundua kwamba vikombe vinagongana kabatini. Lazima vilikuwa vinagongana safari nzima; nilikuwa sivisikii kwa kuwa yeye alikuwa anaongea. Nilisimama porini, nikaweka taulo kati ya kikombe na kikombe. Nilikaa pale kwenye kidato kwa muda. Kisha nikaliondoa taulo, nikaendelea.

8 Machi

Nimefika. Nyumba ni safi. Jikoni nimewasha taa mchana.

16 Machi

Kazini. Seti tatu za meno. Nilimwomba daktari niwe naingia wakati mgonjwa anajaribishwa. Aliuliza kwa nini. Nikasema nataka kuwaona wakicheka. Amenitazama sana, amekubali.

22 Machi

Masika yameanza, kwa kishindo. Uani ni dimbwi. Cheche kaja na mfuko wa nailoni kichwani, anasema kuna mtu wa mboga analitaka gari, kwa nini lioze bure. Nimemwambia haliuzwi. "Unakwenda nalo wapi sasa?" akauliza. Safari hii sikusema "popote".

24 Machi

Simu imelia nikiwa nazibua mfereji. Si Jumapili.

"Baba, hamjambo huko?"

Niko peke yangu, lakini nilisema hatujambo.

"Mlango wa jikoni huku umevimba kwa hizi mvua. Haufungi. Fundi wa huku kaja, kaupiga nyundo, kaondoka."

"Nyundo haisaidii, Mama. Inatakiwa randa."

"Ndivyo nilivyomwambia."

Mvua ilisikika kwake na kwangu.

"Mwenye nyumba anasemaje?" nikauliza.

"Yuko hapa. Ndiye aliyebonyeza namba, mimi miwani sijui nimeiweka wapi."

Nikasikia sauti ya mke wangu kwa nyuma. Nimeandika mke wangu; bado sijapata neno lingine. Ilisema daraja la bondeni limefunikwa na maji, kwa hiyo mtu akija asipite chini, apite njia ya juu.

"Umesikia?" akauliza mama.

"Nimesikia. Nipite juu."

"Na uje mapema. Mlango ni mgumu huu."

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi, daktari amenipa. Nimejaza tangi, nimekagua breki. Randa imetulia kwenye jiwe la kunolea, na mikono yangu inanuka mafuta.